Mwezi Niliouona Peke Yangu

Mdogo wangu alipokuja likizo ya mwaka wake wa tatu, ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi. Mama alimshika mkono pale pale mlangoni, hata buibui hajavua, akaugeuza huku na huku.

"Hina gani hii, mwanangu? Nani kakupaka vibaya hivi?"

"Si hina, mama. Ni dawa ya maabara, ina fedha ndani yake. Ikikudondokea huioni. Ukitoka nayo juani ndiyo inageuka nyeusi, na haitoki mpaka ngozi yenyewe itoke."

Mama akacheka. Akasema wenzake fedha wanampelekea sonara, yeye anajipaka vidoleni.

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani. Nilikuwa nimefika nyumbani Ibra, huku Oman, asubuhi ile ile kutoka Sur, nyuma ya pikapu iliyojaa magunia. Mikono yangu wakati ule ilikuwa na kila kitu: michubuko ya mapande ya barafu niliyokuwa nikiyapakia kwa wauza samaki wa Sur, mafuta ya pampu za Nizwa ambayo hayakukubali sabuni, na kovu la ringi ya tairi nililolipata Bidbid. Hakuna aliyewahi kuishika akaigeuza huku na huku. Niliutazama ule weusi wa vidoleni mwake, nikautamani. Nimetafuta neno jingine lenye heshima zaidi kuliko wivu, silipati.

Alikuwa Uingereza, kwenye chuo kikuu kilichomruhusu mtu mmoja kusoma mambo mawili yasiyojuana: sayansi na sheria, kwa pamoja, miaka minne, mwisho wake shahada moja. Asubuhi alikuwa maabara na fizikia yake na kemia yake. Mchana anavuka kiwanja cha majani, anaingia jengo jingine ambamo, alisema, hakuna hata mmoja aliyejua jinsi ya kuwasha jiko la gesi la maabara. Wenzake wa sayansi walimwita wakili. Wenzake wa sheria walimwita mpishi, kwa sababu ya harufu ya nguo zake.

"Na wewe unajiitaje?" nilimuuliza.

"Mimi? Mwenye njaa. Chakula cha mchana kinapita nikiwa katikati ya kiwanja."

Hayo yote alitusimulia juu ya paa, ambalo lilikuwa sakafu tupu kama nyumba zote za mtaa ule, nasi tukilala huko miezi ya joto. Mama alikuwa anasinzia. Baba alikuwa anasikiliza huku anajifanya anavuta uradi. Mimi nilikuwa nauliza. Siku ya kwanza wanafundishwa nini? Mwalimu wa sheria akisema jambo na mwalimu wa sayansi akasema kinyume chake, nani anasikilizwa? Mtihani mnafanya chumba kimoja? Nilimuuliza mpaka mama akaamka.

"Muache mwenzio apumzike. Maswali yote hayo, si ungekwenda mwenyewe?"

Alisema kwa mzaha. Kwangu haukuwa mzaha.

Mimi skuli niliiacha Unguja, darasa la sita. Sikufukuzwa, wala nyumbani hapakuwa na dhiki ya kunitoa. Siku moja nilimuuliza mwalimu kwa nini mwezi hutufuata tunapotembea. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, nimelijaribu mitaani, nikikimbia na kusimama ghafla. Mwalimu akasema hilo halimo kwenye mtihani. Nikakaa mpaka kengele ikalia, nikatoka, nikaona sina haja ya kurudi. Nilidhani mambo nitayajua njiani. Baba alinipiga, akachoka. Muda si mrefu yakatokea yaliyotokea Unguja, tukawa watu wa Dar es Salaam, na miaka ya sabini ilipoanza tukawa watu wa Oman, huku kwa babu zetu tuliokuwa tukiwasikia tu. Baba alijua Kiingereza, akapewa meza ya mkalimani kwenye ofisi ya liwali wa Ibra. Mdogo wangu aliachwa Mombasa kwa mama mkubwa amalize masomo. Mimi nikawa njiani, kama nilivyotaka. Nimewapikia wapima ardhi Tiwi, nimekuwa dalali wa mbuzi Sinaw, nimeziba matairi, nimefungua mashine. Popote nilipofika nilijifunza kazi mpaka pale ilipoanza kunipendeza, kisha nikasikia habari za mahali pengine.

Likizo ile, siku moja tunachambua mchele, mimi na yeye, nilimuuliza lile swali. Sikumwambia lilikotoka.

"Kwa nini mwezi unatufuata tukitembea?"

Hakuinua hata kichwa. "Kwa sababu uko mbali, kaka. Ukitembea, mnara ulio karibu unahama ubavuni kwako unabaki nyuma. Mwezi uko mbali mno, hauhami. Basi unaona kama umekuja nawe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hebu nisogezee ungo."

Nikamsogezea ungo. Swali nililoachia skuli alilijibu huku anatoa vijiwe kwenye mchele. Nadhani kama angefikiri kidogo, kama angekwenda kufungua kitabu, nisingeumia vile.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye joto lenyewe. Ilipofika siku ya ishirini na tisa kila mtu Ibra alikuwa amechoka, na kila mtu alikuwa na yakini kwamba mwezi utaandama jioni ile, kwa sababu alitaka uandame. Baada ya laasiri mama alitoa mchele mzuri uliowekwa, ili auroweke kwa mkate wa kumimina wa asubuhi ya Idi.

Mdogo wangu akamwambia, "Usiuroweke leo, mama. Kesho bado tunafunga."

"Nani kasema?"

"Hesabu. Leo mwezi unazama kabla ya jua. Tofauti ni ndogo, lakini unazama kabla. Jua likishazama, mwezi haupo. Hata mwenye macho ya kipanga hauoni."

Alikuwa na kitabu cha falaki alichokuja nacho, amepiga hesabu za Ibra penseli mkononi, kwa raha yake tu, kama mwingine anavyofuma kofia. Baba alikuwa ameegemea ukuta na tasbihi yake. Nikamtazama nione atasema nini. Baba huyu, ukimwambia gurudumu la gari linalia, atakuuliza mara tatu umejuaje na nani kakwambia. Alisema:

"Kwa hiyo kesho tunafunga."

Basi. Akaendelea na tasbihi. Hakumuuliza umejuaje.

"Mwezi unaonwa kwa macho," nikasema. "Hauonwi kwa penseli."

"Kweli kabisa," mdogo wangu akajibu. "Hiyo ndiyo sheria, na kadhi akitaka shahidi atataka mwenye macho. Mimi nimesema ya sayansi tu." Akatabasamu. Hakukuwa na kejeli katika tabasamu lile, lakini mimi niliitafuta mpaka nikaiona. "Nenda kautazame, kaka."

"Nitakwenda."

"Nenda na maji."

Nyuma ya mtaa wetu kuna kilima, na juu yake mnara wa zamani wa ulinzi. Wanaume wa mtaa walikuwa wamekwishapanda, wamekaa wakielekea magharibi, kila mmoja na tende zake ndani ya kitambaa. Palikuwapo mzee mwenye wanja machoni ambaye kila mwaka huwa wa kwanza kuuona mwezi na kila mwaka huambiwa ni kope yake. Palikuwapo muuza kuni mmoja, mtu wa maneno.

"Ewe Zanjibari," akaniita kwa Kiarabu, "kwenu mwezi mlizoea kuutazama baharini. Hapa unakaa mlimani. Usije ukapotea."

"Macho ni yale yale."

"Na saumu?"

"Saumu yangu haina neno, tumbo lako ndilo linalonguruma. Toa tende zako, karibu wanaadhini."

Wakacheka. Nilipenda kucheka nao, nilipenda Kiarabu changu cha sokoni kuwa na majibu. Mdogo wangu Kiarabu chake kilikuwa cha kitabuni, akisema watu wanamuomba arudie. Hilo nalo nilikuwa nikilihesabu upande wangu.

Jua likashuka nyuma ya milima. Adhana ikasikika chini mitendeni, tukafungua kwa tende na maji huku macho hayatoki pale. Anga ilikuwa ya manjano, kisha ya waridi. Ndipo nikaona, juu kidogo ya pale mlima ulipokatika, uzi mwembamba wa dhahabu, umepinda, unang'aa.

"Ule pale!"

"Wapi? Wapi?"

"Pale mlima ulipokatika. Pandisha macho. Kidogo kulia."

Walinishika mabega, wakaweka vichwa vyao karibu na changu, wakafuata kidole. Mzee mwenye wanja akasema anauona, lakini alikuwa anatazama kwingine. Ule uzi ukawa mwekundu, ukafifia, ukaisha. Hakuna mwingine aliyeuona. Muuza kuni akanitazama usoni kwa muda.

"Wallahi umeuona?"

"Wallahi nimeuona."

"Yallah, kwa kadhi."

Lazima msomaji ajue neno langu lilikuwa na uzito gani jioni ile. Ofisi ya liwali ilikuwa na simu ya upepo. Kadhi akimkubali shahidi, habari inakwenda Maskati hapo hapo, na ikipatikana na ya shahidi wa pili kutoka Sur au Nizwa au popote, redio inatangaza, na Oman yote inakula Idi. Nilikuwa nikiteremka kilima nikifikiria hayo. Nchi nzima kufungua kwa jicho langu. Zaidi ya nchi nzima, nilikuwa nafikiria kitabu cha falaki kikifungwa, na baba akigeuza uso kunitazama.

Baraza la liwali lilikuwa limejaa. Liwali amekaa juu, kadhi pembeni yake, na baba kwenye meza yake ndogo karibu na chumba cha simu. Alinyanyua macho aliponiona nimeletwa mbele, akayashusha. Kadhi alikuwa mtu mzima mpole, sauti yake haikwenda mbali. Akanikaribisha, akaniagizia kahawa, kisha akaniuliza. Nilikuwa wapi. Jua lilikuwa limezama kweli au nilidhani tu. Nikamjibu vizuri. Uliwaka kwa muda gani? Muda wa kunywa maji bakuli moja, nikasema.

"Na pembe zake zilitazama wapi?"

Nikafumba macho niuone tena. "Chini, shekhe. Zilitazama kule jua lilikozama."

Kadhi akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akatikisa kikombe kuwa ametosheka. Kisha akasema kwa upole ule ule:

"Nani anakuzakia?"

Maana yake, nani atashuhudia kwamba mimi mwenyewe ni mwadilifu, mtu wa kupokelewa neno lake. Mtu wa pale anayenijua, aliyekaa nami, aliyesafiri nami, aliyefanya kazi nami.

Nikatazama baraza lile. Wote niliwajua kwa sura. Wote walijua mimi ni mtoto wa mkalimani, yule anayekuja na kuondoka.

"Yupo mwenye duka la barafu Sur," nikasema. "Na fundi wa pampu Nizwa, nimekaa kwake. Na Sinaw yupo..."

"Tumwite wa Sinaw saa hii?" mtu akasema nyuma. "Aje na mbuzi wake?"

Kicheko kikaenda ukuta hadi ukuta. Muuza kuni, aliyenileta, alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuwa na ubaya. Alinijua kwa jioni chache tu, na jambo lenyewe ni zito.

Ndipo nikasikia kiti. Baba alikuwa amesimama. Miaka yote ile pale ofisini baba alitafsiri maneno ya wengine, yake mwenyewe hakuyasema barazani hata mara moja, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa na Unguja ndani yake na alijua watu wanakiiga nyuma yake. Akasema:

"Mimi namzakia. Huyu ni mwanangu. Ameniambia mengi ya kijinga. Uongo hajapata kuniambia."

Hakuna aliyecheka.

"Mungu akubariki," kadhi akasema. "Lakini baba hamzakii mwana. Halipokelewi."

"Najua, shekhe. Nimesema tu."

Akakaa. Akachukua kalamu, akaanza kuandika kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuandikwa.

Nilikaa pale mpaka waliposema hakuna habari kutoka miji mingine, na redio ikatangaza kwamba tutimize thelathini. Nikarudi nyumbani peke yangu. Habari kwamba nimeuona mwezi zilikuwa zimenitangulia: mama alikuwa ameuroweka mchele wote, beseni zima.

"Wamekukatalia?" akaniuliza.

"Wamenikatalia."

"Mimi nimekukubali. Tazama." Akanionyesha beseni.

Mdogo wangu alikuwa juu ya paa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ushindi wake, nimekwishapanga la kumjibu. Hakuwa na ushindi. Alisogea upande mmoja wa mkeka, nikakaa, akaanza kuniuliza kama alivyouliza kadhi, ila yeye alizidi: rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi na ya mwisho ipi, ulififia kwa mara moja au ulianza upande mmoja, ulikuwa mnene katikati au sawa kote. Sijapata kuulizwa vile na mtu yeyote. Nilijibu mpaka nikasahau hasira. Nilipofika kwenye pembe akaniinulia mkono.

"Hapo ndipo. Mwezi unawaka kwa jua, kaka. Upande unaowaka ndio unaolitazama jua, pembe zinalipa mgongo. Siku zote. Wako pembe zake zimelitazama jua."

"Kwa hiyo sikuona kitu."

"Umeona. Kitu kilikuwapo, umekieleza vizuri mno, hakiwezi kuwa hakikuwapo. Nadhani ni moshi wa ndege. Zile za juu sana. Kwetu huku chini jua limezama, kule juu bado wanalo, moshi unawaka."

Nikasema, "Kadhi alijua. Alipouliza pembe."

"Alijua."

"Basi la kuzakiwa aliniulizia nini?"

"Asikuvunje uso. Angeweza kukwambia mbele za watu kwamba macho yako mabovu. Akaona bora akukatae kwa jambo ambalo si kosa lako."

Hilo kadhi alilidhania ni dogo. Macho mabovu ningeyakubali. Lakini kusimama mbele ya mji nikitafuta mtu mmoja wa kunijua!

"Ila baba alisimama," nikasema.

Akageuka. "Alisimama vipi?"

"Alisimama. Akanizakia."

"Mbele ya liwali? Kwa Kiarabu?"

Nikamwambia maneno ya baba, neno kwa neno. Nikamwambia na jibu la kadhi. Akaanza kusugua vile vidole vyeusi kama vile leo angetaka viwe vyeupe.

"Jioni hii mimi nilimwambia mwezi haupo," akasema. "Akaniamini, si uliona? Akajua umekosea, na bado akasimama." Kisha, taratibu: "Unajua baba akiulizwa barazani binti yako anasoma nini, anajibu nini? Ualimu. Miaka mitatu. Anaona haya kutaja sheria kwa mtoto wa kike, na sayansi hajui aieleze vipi. Mimi hajanisimamia mahali. Ananiamini jikoni."

Nikamtazama usoni. Kile kilichokuwa usoni mwake nilikijua vizuri sana, nimekivaa miaka mingi. Na nitasema kweli: nilifurahi. Nilijilaza pale mkekani nikiwa mtu aliyekataliwa na mji mzima, nikafurahi kwamba msomi wa mambo mawili anaona wivu juu yangu.

Mchele wa mama uliharibika kwa joto. Asubuhi beseni lilikuwa linatoa povu, na mama alilimwaga kwa kuku. Jioni ya siku ile ya thelathini tulipanda juu ya paa sote. Jua lilipozama, ndege ya jioni ikapita tena na uzi wangu ukatokea pale pale, mlima ulipokatika, wa dhahabu, pembe chini. Na kushoto yake, juu zaidi, mwembamba na mtulivu, umelipa jua mgongo, mwezi wenyewe. Vyote viwili mbele ya macho yetu. Kule kilimani watu walikuwa wanapiga takbiri. Baba alivitazama, akaguna.

"Wa kwako mzuri zaidi," akaniambia.

Siku ya Idi, baada ya sala, tulikwenda kuwapa watu mkono kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa. Muuza kuni akanipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mwenye mwezi wako! Idi umekula jana au leo?" Kahawa ikazunguka, na halua. Kadhi mwenyewe alikuwapo. Mmoja akamuuliza baba hali ya binti yake, bado anasoma ule ualimu?

Baba akafungua mdomo, na mimi nikamuona anatafuta neno. Sijui kilichonipanda. Nikasema, kwa sauti iliyozidi kidogo, "Si ualimu. Anasoma sayansi na sheria, vyote viwili, mwaka ujao anamaliza. Juzi, kabla hatujapanda kilima, alituambia mwezi hautaonekana. Hakukosea yeye. Nilikosea mimi."

Kadhi akaniangalia, na safari hii alitabasamu waziwazi. "Ndugu kumzakia ndugu, hilo linapokelewa."

Wakaanza kuuliza. Anahesabu vipi? Anaweza kuhesabu wa mfunguo tatu, mwezi wa Hija? Na kupatwa kwa jua? Kitabu chake kinauzwa Matrah? Waliniuliza mimi, kwa kuwa yeye hakuwapo, na mimi sikuwa na jibu hata moja. Nilikwenda nyumbani, nikamuuliza yeye, nikarudi na majibu, nikatumwa tena. Baba alikaa na kahawa yake, amenyooka mgongo, akisema, "Ndiyo, sayansi na sheria," kila aliyeingia. Nilikuwa nimempa mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe kile kitu kimoja nilichokuwa nacho na yeye hana. Kufika laasiri nilikuwa nimekwisha kujuta.

Likizo ilipokwisha nilimpeleka uwanja wa ndege kwa pikapu ya kuazima. Bidbid, pale njia ya Ibra inapokutana na ya Nizwa, tulisimama kunywa chai. Akakizungusha kikombe mkononi.

"Kaka, nakuomba ruhusa. Mwaka wa mwisho tunaandika kazi moja ndefu, na kwangu lazima iguse pande zote mbili. Nataka kuandika juu ya ushahidi wa macho. Nataka kuandika ule mwezi wako."

"Utaniandika jina?"

"Majina hatuandiki. Nitaandika shahidi."

"Shahidi gani? Mjinga?"

"Shahidi mkweli."

"Mkweli aliyekosea."

"Ndiyo hasa. Ndiyo maana wa thamani."

Nilimtazama muuza chai, nikatazama malori yanayokata kona kwenda Nizwa. Nikamwambia aandike. Ningekataa ningebaki na nini?

Alifaulu, tena vizuri. Kazi ile ndiyo iliyompandisha, alisema mwenyewe. Nakala yake alinitumia, nami nilikuwa nayo Nizwa, kwa yule fundi wa pampu, ambako nilikuwa nimerudi kwa mara ya tatu. Kiingereza changu ni cha kusikia, kwa hiyo niliisoma polepole, kamusi pembeni, saa za mchana ambapo kazi husimama kwa joto. Yote yalikuwamo. Mnara, mlima uliokatika, bakuli la maji. Maneno yangu ya juu ya paa, rangi kwa rangi, jinsi yalivyobadilika kuwa Kiingereza na yakawa na akili. Baba pia alikuwamo: mzazi wa shahidi alisimama kumthibitisha, uthibitisho haukupokelewa. Mstari mmoja. Niliurudia mara nyingi.

Pembeni ya ukurasa ule, kwa kalamu nyekundu, mwalimu wake alikuwa ameandika neno lake. Nilimpa fundi anisomee, kwa kuwa mwandiko ulikuwa mbaya, naye hakuweza, tukampa dereva wa lori aliyekuwa anapita. Akasema limeandikwa hivi: ni upungufu kwamba shahidi huyu mwenyewe hakuulizwa zaidi.

Wa kuniuliza angenipata: nilikuwa Nizwa. Kila mtu pale sokoni alijua nakaa wapi.